Profesa anasema umaskini hauwapeleki watu nje ya nchi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaonaje?

#1 Mwana Igombe
Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe. Likizo hii amerudi na maneno yaliyoninyima usingizi. Anasema yupo mtaalamu wa uhamaji, Hein de Haas, Mholanzi, profesa wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, aliyeanza kwa kufanya utafiti bonde la Todgha kusini mwa Morocco, na mwaka 2006 akawa mmoja wa walioanzisha taasisi ya utafiti wa uhamaji pale Oxford. Hoja yake: nchi maskini kabisa ndizo zinazotoa wahamiaji wachache. Nchi ikianza kuinuka, watu wakasoma, wakapata nauli, wakaona dunia ilivyo, ndipo wanaondoka kwa wingi. Wanakuja kupungua baadaye sana, nchi ikishatajirika. Ndiyo maana waliojaa ughaibuni ni Wameksiko, Waturuki, Wamorocco na Wafilipino, sio watu wa nchi za mkiani.

Nikaanza kuhesabu hapa Igombe, Mwanza. Waliotoka nje ya nchi ninaowajua ni watatu. Mmoja aliuza mtumbwi na injini yake. Wa pili baba yake ana viwanja viwili Buswelu. Wa tatu ni nesi. Vibarua wa kuvuta nyavu, ambao ndio maskini kwelikweli, safari yao ndefu ni kisiwa cha Goziba, hapahapa ziwani kwetu.

Kwenu nani ameondoka, aliyekosa au mwenye nafuu? Leteni mifano.

#2 Kigoda cha Mbele
Ngoja wajuvi waje. Nimekaa mbele kabisa.

#3 Ngosha wa Magu
Mwadila wakuu. Mleta mada, sikubali. Hakuna mtu anayeacha ghala limejaa. Bei ya pamba ikianguka, stendi ya Nyegezi inajaa vijana wenye begi moja. Na wale wanaopanda boti za mpira kuvuka kwenda Italia, mtu aliyeshiba anapanda kitu kama kile? Profesa akae Magu msimu mmoja wa njaa halafu aandike upya.

#4 Tasnifu Malimbe
Nachangia kwa sababu hii ndiyo mada ya tasnifu yangu ya uzamili.

Wa kwanza kujaribu kuuwekea uhamaji kanuni ni Mwingereza, Ravenstein, mwaka 1885, akitumia sensa za kwao. Aliona kwamba wengi huhama karibu, wanakwenda hatua kwa hatua, kila mkondo wa wanaokwenda una mkondo wa wanaorudi, na wanawake huhama kuliko wanaume ila kwa masafa mafupi. Mwaka 1966 Everett Lee akaleta habari ya msukumo na mvuto, yaani kinachomtoa mtu kwao na kinachomwita aendako, na hapo ndipo watu wanapoishia. Lakini Lee aliweka pia vikwazo vya njiani: umbali, gharama, sheria. Ngosha unashika msukumo, mleta mada anashika kikwazo.

Na kwa ukubwa wa jambo lenyewe: Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu milioni 304 walikuwa wanaishi nje ya nchi walizozaliwa. Ni asilimia 3.7 ya watu wote duniani. Wengine wote wako kwao.

#5 Nshomile wa Kamachumu
Sahihisho dogo kwa Tasnifu. Ravenstein ni Mjerumani, mzaliwa wa Frankfurt, alihamia London akiwa kijana. Kwa hiyo aliyeandika kanuni za uhamaji alikuwa mhamiaji mwenyewe. Na kazi yake hasa ilikuwa ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alichora ramani kubwa ya Afrika Mashariki kwa ajili ya wanajiografia wa London, ziwa letu likiwemo.

Sasa nije kwenye mada. Hakuna haja ya kwenda Morocco, ushahidi tunao ng'ambo ya ziwa. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, wakati ule wakiangalia UKIMWI na vifo vya watu wazima. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watu wale wale popote walipokuwa: kijijini, Mwanza, Dar, hata Uganda. Mwaka 2010 wakarudi tena. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon wakachukua watu waliotoka kaya moja wakalinganisha aliyehama na aliyebaki. Kwa miaka ile 13, matumizi ya aliyehama yalikua kwa asilimia 36 kuliko ya nduguye. Wamekula uji wa chungu kimoja, mmoja kaondoka, mmoja kabaki, na tofauti ni kubwa namna hiyo.

#6 Ngosha wa Magu
Nilijua tu. Nshomile akiingia, uzi wote unapanda meli kwenda Bukoba 😂

#7 Nshomile wa Kamachumu
Ngosha, mkifanyiwa utafiti huko Magu nitausoma wote, neno kwa neno.

#8 Hesabu Kwanza
Nshomile, utafiti umeutaja vizuri ila namba imeteleza. Ni pointi 36 za asilimia, sio asilimia 36. Mfano wangu: kama matumizi ya aliyebaki yamekua kwa 50 kwa mia, ya aliyehama yamekua kwa 86. Tena utafiti ule unatuambia kinachompata mtu baada ya kuhama. Mleta mada ameuliza nani anaondoka. Na wengi waliofuatiliwa walihamia ndani ya nchi.

Mleta mada, na wewe ujue kwamba hoja ya de Haas ina wapinzani. Mwenzake wa upande huohuo, mchumi Michael Clemens wa Marekani, alipanga nchi kwa kipato akaona uhamaji unapanda hadi kipato cha dola kama 8,000 hivi kwa mtu kwa mwaka, kwa hesabu ya uwezo wa kununua (yaani bei za kila nchi zikizingatiwa), ndipo unashuka. Lakini David Benček na Claas Schneiderheinze, kutoka Kiel kule Ujerumani, wakasema: msilinganishe Mali na Meksiko, ifuateni nchi moja mwaka hadi mwaka. Walipofanya hivyo, uchumi ulipokua wanaokwenda nchi tajiri walipungua badala ya kuongezeka. Clemens naye akajibu kwa kufuatilia miaka mingi zaidi, akashikilia lake. Hawajamaliza hadi leo.

#9 Mama Dagaa Kirumba
Wanangu, nimewasoma kwa utulivu. Mimi nauza dagaa mwaloni tangu 1998. Wateja wangu ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Wanalala gesti wiki mbili, wanafunga magunia, wanaondoka, mwezi ujao wamerudi. Mmoja ameoa Pasiansi na ana watoto wawili pale. Huyo maprofesa wenu wanamwandika kundi gani?

Halafu niwaambie la nyumbani kwangu. Mtoto wa marehemu dada yangu alikwenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani. Mnauliza alikuwa maskini au ana nafuu, lakini yeye hakuulizwa. Tulikaa kikao, wajomba wawili, mimi na bibi yake. Kaka yake alikuwa mkubwa kuliko yeye na alitaka kwenda. Tukamkataa, tukasema mvulana akifika mbali anasahau kwao, msichana hasahau. Tukauza ng'ombe wawili na mtamba. Wakala aliyetuletea habari alichukua chake mapema. Kule pasipoti ikakaa kwa mwenye nyumba, mtoto akawa anaamka alfajiri na kulala usiku wa manane, mshahara wa miezi mitatu ya kwanza hakuuona.

Alituma hela. Bati la nyumba ya bibi ni lake, na ada ya huyo kaka yake ni yake. Ila aliporudi alikaa miezi hazungumzi na mtu. Kwa hiyo mkisema "mhamiaji aliamua", mimi nanyamaza, kwa sababu tulioamua ni sisi na hakuna siku nimepita bila kulifikiria.

#10 Kigoda cha Mbele
Pole sana mama.

#11 Tasnifu Malimbe
Mama, pole na asante kwa kutuamini na habari hiyo. Nshomile, sahihisho nimelipokea.

Alichosimulia mama kina nadharia yake. Mwaka 1985 Oded Stark na David Bloom waliandika kwamba tunakosea kumtazama mtu mmojammoja. Anayeamua ni kaya, na kaya haitafuti mshahara mkubwa tu, inatafuta kinga. Shamba likikauka Misungwi, mvua ya Misungwi haimgusi aliyeko Muscat. Mmoja anapelekwa mbali ili shida moja isiwakute wote siku moja. Ndiyo maana anachaguliwa yule atakayetuma.

Na kuhusu pasipoti kushikwa, shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2017 juu ya Watanzania wafanyakazi wa ndani kule Oman na Falme za Kiarabu, likayakuta hayohayo. Mfumo wa kafala unaifunga viza ya mfanyakazi kwa mwajiri wake. Akitoroka, anayehesabiwa mkosaji ni yeye.

#12 Mama Dagaa Kirumba
Nadharia yako iko sawa mwanangu. Ila hiyo kinga mnayoisema, kuna mtu aliilipia kwa mwili wake. Liandikwe na hilo.

#13 Mkerewe wa Nansio
Mbona hakuna aliyetaja ardhi? Nendeni Ukara. Kisiwa kidogo, watu wamebanana tangu enzi za babu zetu, kila pembe imelimwa, ng'ombe wanalishwa zizini ili samadi isipotee. Mtoto wa nne hana pa kulima. Anavuka Ukerewe, mtoto wake anavuka Mwanza, mjukuu anakwenda Geita kwenye dhahabu. Hakuna aliyekaa kupiga hesabu za dola. Kisiwa kimejaa basi.

#14 Ngosha wa Magu
Haya, huyu sasa anasema kweli. Ardhi kuisha ni umaskini. Nimeshinda.

#15 Boda Mabatini
Kuna yule mchumi Todaro, tulisomeshwa kidato cha sita, alifanya utafiti Amerika ya Kusini akasema watu wanakwenda mjini hata kama kazi hakuna, kwa sababu wanabahatisha. Mimi ndiye mfano. Nilitoka Kwimba nikijua kazi hamna.

#16 Hesabu Kwanza
Boda, ni jirani zaidi ya hapo. Michael Todaro na John Harris walikuwa wanaitazama Kenya, Nairobi ya miaka ya 1960, na makala yao ikatoka 1970. Serikali ilijaribu kuongeza ajira mjini, na wasio na kazi wakazidi kumiminika. Maelezo yao: mtu anazidisha mshahara wa mjini kwa nafasi yake ya kuupata. Kijijini unapata 150,000 kwa mwezi. Mjini mshahara ni 400,000 na nafasi ya kuupata ni nusu kwa nusu, kichwani mwako hiyo ni 200,000. Unapanda basi.

#17 Boda Mabatini
Nilipanda lori la mahindi, lakini hesabu ni hiyohiyo. Nimeelewa.

#18 Mwana Igombe
Wakuu nashukuru sana, ila tunateleza. Mkerewe na Boda wanasema ya ndani ya nchi. Mimi nimeuliza ya nje.

#19 Nshomile wa Kamachumu
Na hapo ndipo ninapobishana na wewe kwa moyo wote. "Nje" ni nini? Mpaka wetu na Uganda ni mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, waliokubaliana ni Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, ukapita juu ya nchi kavu hadi katikati ya maji. Mtu wa Mutukula akienda Masaka kumsalimia shangazi na kukaa kuvuna, kitaalamu huyo ni mhamiaji wa kimataifa. Mtu wa Mwanza akihamia Mtwara, akaanza kujifunza hata kula upya, hayumo kwenye hesabu. Babu yangu alikwenda Buganda kulima pamba ya watu na kurudi, mara nne. Kwake Kampala ilikuwa karibu, Dar ndiyo ilikuwa nje ya nchi.

#20 Mwana Ngara
Nimesoma posti 19 na wote mnaandika kana kwamba kila anayehama amepanga. Mimi nilikuwa darasa la tatu Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Mimi niliona barabara imekuwa watu tu. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Hapo hakuna kikao cha kaya wala nusu kwa nusu.

Nilipokua nikatafuta walioandika. Yupo Liisa Malkki, mwanaanthropolojia, alikuja mapema zaidi, 1985 na 1986, kwa Warundi waliokimbia mwaka 1972. Aliwasikiliza walioko kambini Mishamo na walioko mjini Kigoma. Wa kambini walikuwa wameshika historia ya taifa lao kama msahafu, kila mtu anaisimulia. Wa mjini walijichanganya, leo ni Mrundi, kesho ni Muha, keshokutwa ni Mwislamu wa Ujiji. Taifa moja na mkimbio mmoja, ila makao tofauti yakatoa watu tofauti. Nchi yetu ikaja kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya hao Warundi wa 1972 na watoto wao. Na Mwalimu Nyerere alishapewa tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 1983.

Sisi wenyeji nani alitukumbuka? Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walichukua hizohizo takwimu za Kagera za Nshomile wakauliza nani alipata, nani aliumia. Walioumia ni vibarua wa mashambani, kwa sababu mikono iliongezeka na bei za chakula zikapanda. Wenye mashamba yao walinufaika. Baba yangu aliuza ndizi hadi akaezeka nyumba. Jirani yetu aliyekuwa akilima vibarua alishindwa kununua hizo ndizi. Nyumba zetu zilitazamana.

#21 Hesabu Kwanza
Mwana Ngara, posti nzito. Hilo la vibarua limewagombanisha wakubwa. Mwaka 1980 Wakuba kama 125,000 walishuka Florida kutoka bandari ya Mariel, wengi wakabaki Miami. David Card aliandika 1990 kwamba mishahara ya wenyeji haikutikisika. Miaka 25 baadaye George Borjas, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Kuba, akawachambua wanaume wasiomaliza sekondari peke yao akasema mishahara yao ilianguka vibaya. Wengine wakasema kundi alilochagua lilikuwa na watu wachache mno. Card alipata Nobeli 2021, ugomvi bado upo.

#22 Ngosha wa Magu
Mji mmoja, watu walewale, maprofesa wawili, majibu mawili. Na sisi tunashangaa kutokubaliana kwenye uzi!

#23 Dada Sengerema
Mimi niseme la kwetu. Binamu yangu nesi alikwenda Uingereza miaka ya 2000, alihangaika mno: mitihani, barua, viza kukataliwa mara mbili. Akafika. Miaka minne baadaye akamvuta mwenzake waliyesoma naye. Huyo akamvuta mdogo wake. Wa nne aliondoka kwa kuelekezwa WhatsApp tu, aandike nini, alale wapi usiku wa kwanza. Wa kwanza ndiye aliyekuwa na nafuu kwao. Wa nne kwao kulikuwa nyumba ya nyasi. Sasa mleta mada, kanuni yako inamweka wapi wa nne?

#24 Tasnifu Malimbe
Dada, hapo umemgusa Douglas Massey. Yeye na Jorge Durand wamefuatilia vijiji vya Meksiko tangu 1982, kijiji baada ya kijiji. Walichokiona ndicho ulichosimulia: wa kwanza analipa gharama na hofu yote, kila anayemfuata analipa pungufu, mpaka safari inajiendesha yenyewe hata sababu ya mwanzo ikiwa imekwisha. Waliotangulia wanakuwa daraja.

#25 Kibarua Goziba
Salamu kutoka kisiwani. Mbalamwezi imetoka, dagaa hakuna, tumepumzika, nimepata nafasi ya kusoma uzi wote. Mimi ndiye yule wa safari ndefu Goziba aliyetajwa posti ya kwanza.

Kaka Mwana Igombe, sijakasirika ila umenihesabu vibaya. Nimefanya kazi Kalangala, visiwa vya Uganda, miezi minane. Tajiri alihamisha kambi kufuata sangara, tukaenda naye. Hakuna aliyetugongea muhuri na hakuna aliyetuandika. Kambi yetu ilikuwa na Waganda, Wajaluo, Wakerewe, Warundi, na mama lishe alitoka Musoma. Mabondo, vile vibofu vya ndani ya sangara, yalikuwa na bei, kila mtu alikuwepo. Kwa hiyo maskini anatoka nje ya nchi, ila anatokea majini na haonekani.

La pili. Doha, kule Qatar, nilipata mtu wa kunivuta, kama dada wa Sengerema alivyosema. Nauli nilikuwa nayo, nimeiweka misimu miwili. Nilikwama kwenye cheti cha kuzaliwa. Nilizaliwa kambi ya wavuvi, mama alihama na kambi, hakuna zahanati iliyoniandika. Bila cheti hakuna pasipoti. Nimekwenda mjini mara tatu, kila safari ni meli na siku za kazi. Sasa hela imeisha kwa nauli ya kufuatilia karatasi.

#26 Hesabu Kwanza
Kaka, huyo aliyeandika juu yako bila kukujua ni Jørgen Carling, Mnorwei, alifanya utafiti Cape Verde na kuchapisha 2002. Alisema tusiwatazame wanaoondoka tu, tuwatazame wanaotaka kuondoka wakakosa uwezo, na uwezo sio hela peke yake, ni karatasi na sheria. Aliiona dunia imejaa watu waliokwama bila kutaka.

#27 Mwana Igombe
Kibarua, nisamehe ndugu yangu. Nilihesabu watatu kwa sababu niliwahesabu waliopanda ndege. Jana nimekaa na mzee wangu tukaanza upya, tukitia na waliovuka maji kwenda Uganda na Kenya. Tulifika 17 tukaacha, na yeye bado alikuwa anakumbuka.

Lakini sasa nina swali jingine. Morocco, Meksiko, Cape Verde, Miami. Wetu wako wapi?

#28 Nshomile wa Kamachumu
Wapo. Samir Amin aliandika juu ya uhamaji wa Afrika Magharibi mwaka 1974, akisema mtu hachagui peke yake, ukoloni ndio uliochora njia za vibarua kutoka bara kwenda pwani. Aderanti Adepoju wa Nigeria amefundisha na kuandika juu ya uhamaji wa Afrika miongo mingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna kituo cha kutafiti uhamaji wa kulazimishwa, na Bonaventure Rutinwa na Khoti Kamanga wameandika sana juu ya sheria za wakimbizi. Mahmood Mamdani, aliyefundisha Makerere, alifukuzwa Uganda mwaka 1972 pamoja na Wahindi wengine, kwa hiyo analijua jambo hili kwa ngozi yake.

#29 Mwana Ngara
Ni kweli, ila wengi wa kwetu wameandika juu ya wakimbizi, maana huko ndiko fedha za utafiti zilikokuwa. Mvuvi anayehama na samaki mwandishi wake ni nani?

#30 Ngosha wa Magu
Mimi bado nasema ni njaa. Ila Kibarua, wewe ulikwenda Kalangala kwa njaa au kwa tajiri?

#31 Kibarua Goziba
Kwa vyote, kaka. Na pia nilikuwa na miaka 19, nilitaka kuona kuna nini upande wa pili.

#32 Tasnifu Malimbe
Nimemwandikia msimamizi wangu usiku huu. Naomba kubadili sura ya tatu niende mwaloni na visiwani badala ya kuhoji wanafunzi wenzangu. Mama Dagaa, naweza kuja?

#33 Mama Dagaa Kirumba
Njoo Jumanne saa kumi na moja alfajiri, mizigo ikishuka. Uliza mama wa turubai la bluu. Usije na karatasi ndefu, watu watakukimbia wakidhani ni ushuru. Kaa kwanza, fungasha na wao. Na yule binti wa Muscat atakuwepo, sasa ananisaidia kupima. Usimuulize chochote mpaka aanze mwenyewe.

#34 Kibarua Goziba
Ukivuka huku, mwanachuo, niletee fomu ya cheti cha kuzaliwa. Meli ikichelewa mpe nahodha wa mtumbwi wa dagaa, ananijua.